Mataulo ya Sonvlei

Troyeville, Johannesburg
8 Novemba 2015

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Kidawa,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na goti limekupa ruhusa ya kulala. Mimi huku sijambo, ila mvua za radi kila alasiri, mpaka nguo za kuanika nazikimbilia kama mwizi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mara ya mwisho nilipokupigia simu uliniuliza "Nani kafa?" mara tatu, kisha ukakata.

Habari ya kwanza si nzuri. Kile kibanda nilichokuwa nashonea kimefungwa. Tangu fujo za mwezi wa nne, za kuwafukuza wageni, wateja walipungua, na mwenye nyumba akaona bora afungue spaza, kiduka cha mtaani, auze mikate. Sikuibiwa kitu wala sikupigwa, kwa hiyo usilie.

Habari ya pili ni njema: nimepata kazi. Unamkumbuka Héritière, jirani yangu Mkongo, yule msusi? Mumewe Lambert analinda lango la mahali pa mapumziko, shambani, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari kutoka hapa. Panaitwa Sonvlei. Walikuwa wanatafuta fundi cherehani. Basi mimi nashona mataulo, mama. Kila mwanachama ana taulo lake, na lazima liwe na jina lake, nami nalitarizi kwa uzi wa rangi anayoitaka. Napinda mapazia pia, na kuziba mahema yaliyopasuka. Watu wenyewe wengi ni wazee wa Kizungu, wapole. Wanaamka mapema, wanaogelea, wanacheza mpira wa wavu, wanakunywa chai. Kelele hakuna.

Utauliza mataulo yote hayo ni ya nini. Wanaogelea sana.

Nampa Mwadini barua hii, anarudi Unguja na mizigo yake ya vipuri. Nimempa na dawa ya kuchua goti. Uichue kweli, usiiweke kabatini kama ile ya mwaka jana.

Mwanao akupendaye,
Nusaiba


Kikwajuni, Unguja
20 Desemba 2015

Kwako mwanangu Nusaiba,

Wa alaykumu ssalaam, marahaba. Nimepokea barua na dawa. Mimi sijambo. Goti lipo palepale, masikio ndiyo yaliyohama. Simu sasa ni ya wenye masikio, sisi wengine tuna kalamu, alhamdulillah.

Nimefurahi kwa hiyo kazi. Mtaa mzima unajua kuwa mwanangu anatarizi mataulo ya hoteli. Bi Mwanakheri akauliza mbona taulo litariziwe na ni la kujifutia tu. Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana. Mimi mwenyewe sijui, lakini sikumwonesha.

Huku kazi yangu haijapungua. Mwezi huu nimeosha wanne, Mungu awarehemu. Zamani nilikuwa namgeuza maiti peke yangu, siku hizi naita wasaidizi wawili, na hao wasichana wanakuja na glavu mpaka kwenye viwiko na macho wameyafumba. Utaoshaje mtu umefumba macho? Utamwosha sikio mara kumi na mguu usiuguse.

Watu husema mwosha huoshwa. Mimi nauliza, na nani? Binti nimepewa mmoja. Na huyo binti, siku tuliyomwosha bibi yake, nilimpa kata ya maji ashike, akaitupa, akakimbia mpaka kwa Bi Mwanakheri akaingia uvunguni. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Sikusemi, nakukumbusha tu. Watu walicheka, mimi sikucheka.

Basi nimemwita Maalim Jumbe akaniandikia wasia. Nikifa, nioshwe na Bi Mwanakheri. Naye kanizidi miaka miwili na jicho moja halioni. Akitangulia yeye, sijui itakuwaje. Usiku huwa nalifikiria jambo hili kuliko kifo chenyewe.

Kula vizuri. Ukitarizi, kaa karibu na dirisha.

Mama yako,
Kidawa


Troyeville
17 Januari 2016
(Haikutumwa)

Mama yangu,

Assalaamu alaykum, shikamoo. Goti je?

Mama, Sonvlei watu hawavai nguo.

Sikujua. Lambert aliniambia siku ya kwanza, tukiwa tayari langoni: "Dada, usikimbie, hein. Batu ya hapa banakaaka bila manguo. Ni bazee tu, hakuna mambo ya mubaya. Utazoea." Nilisimama na mkoba wangu wa mikasi nikamwona babu mmoja anasukuma toroli la majani makavu. Amevaa kofia na viatu, basi. Akanisalimu, nami nikaitikia nikiiangalia kofia. Mwezi wa kwanza wote sikujua sura ya mtu pale, nilijua kofia.

Sisi wafanyakazi tunavaa nguo zetu. Hakuna aliyeniambia nipunguze hata ushungi. Na huo uchafu unaoufikiria sasa hivi, mama, haupo. Wanapanda nyanya, wanagombana juu ya nani kaacha bomba la maji wazi. Mataulo ni kwa sababu ya sheria yao ya kwanza: hukai kwenye kiti cha watu bila taulo lako. Ya pili, hukodoi macho. Ya tatu, hupigi picha mtu bila ruhusa. Ya nne, ulichokiona Sonvlei unakiacha Sonvlei.

Aliyeniajiri ni Bi Elfriede, Mjerumani wa miaka themanini na mbili, asiye na mume wala mtoto, anayetunza madaftari na picha za klabu. Anakuja chumbani kwangu na chai, anatandika taulo, anakaa, ananihadithia wakati nashona. Anasema jambo hili lilianza kwao zaidi ya miaka mia iliyopita, miji ilipojaa moshi wa viwanda na watoto wakawa na vifua vibovu na miguu ya matege. Wakatokea watu wakasema dawa ni jua na hewa. Wakapata mashamba kando ya maziwa, wakazungushia ua, wakavua nguo, wakapanga mistari kufanya mazoezi kama wanafunzi wa skuli. Pombe marufuku, sigara marufuku, wengine hata nyama hawali. Mwaka wa thelathini na tatu, alipoingia Hitler, klabu zikapigwa marufuku. Baba yake alizitia picha za wenziwe kwenye bati akalifukia chini ya kabichi.

Yeye alikuja huku msichana, miaka ya hamsini, akakuta watu wachache wanakutana kwa siri kwenye shamba la rafiki. Ishara yao ilikuwa taulo jeupe langoni. Ukifika usilione, geuza gari, polisi wapo. Siku moja mwenye zamu alisahau kuliondoa, wakakamatwa kumi na wawili, wakafunikwa mablanketi ya farasi wakapelekwa kituoni. Anacheka mpaka chai inamwagika.

Nikamuuliza, na Waafrika je? Kicheko kikaisha. Akasema, "Walikuwa wanafua mataulo." Walivua kila kitu, mama, lile moja la ubaguzi wakabaki nalo miaka yote. Hakujitetea, alisema ni aibu yao na ataiandika kwenye daftari kama ilivyokuwa. Siku hizi wanachama weusi wapo. Kuna mwalimu mmoja wa Soweto na mkewe, ndio wanaocheka kwa sauti kuliko wote pale.

Kila siku nasema kesho siendi. Kisha naenda. Nakumbuka ile kata ya maji. Sitaki kukimbia mara ya pili, wala sijui kama kukaa kwangu ndiko sawa. Nakuandikia unihukumu wewe.

Mwanao,
Nusaiba


Troyeville
24 Januari 2016

Mama mpenzi,

Assalaamu alaykum, shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea vizuri. Mwajiri wangu anaitwa Bi Elfriede, mzee mwenye heshima zake. Ananifundisha historia. Mwadini ana haraka, basi leo ni haya tu. Uchue goti.

Mwanao,
Nusaiba


Kikwajuni
29 Mei 2016

Kwako mwanangu,

Wa alaykumu ssalaam. Sisi wazima, tunaingojea Ramadhani. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama shati la mtoto, lakini nimekusamehe.

Huyo Bi Elfriede nimempenda. Mtu anayempa mwanangu kazi na kumfundisha si mtu wa kumwacha hivihivi. Nimemnunulia doti ya kanga, nyeupe yenye pambo la buluu. Jina lake "Wema hauozi". Nilizunguka Darajani siku nzima na goti hili, maana zile za kwanza zilikuwa na maneno ya kugombana na mke mwenza, nikaona hatutaelewana. Mwoneshe namna ya kuifunga. Halafu nataka picha yake ameivaa. Si ya simu, ya karatasi, nimwoneshe Bi Mwanakheri, aache kuuliza maswali ya mataulo.

Nakuombea usiku na mchana.

Mama yako,
Kidawa


Troyeville
14 Agosti 2016

Mama mpenzi,

Assalaamu alaykum, shikamoo. Natumai funga ilikwenda salama. Kanga imefika, na picha hii hapa, nimeichapisha kwenye duka moja la Kensington, mtaa wa jirani. Lambert ndiye aliyepiga, chumbani kwangu cha kushonea.

Nilimfunga mwenyewe, moja kiunoni, moja mabegani. Alijigeuza mbele ya kioo kwa muda mrefu. Alisema hajavaa nguo nzuri hivi kwa miaka mingi sana, na hapo, mama, alisema kweli tupu. Nilipomfasiria yale maneno aliomba nimwandikie kwenye karatasi. Anakusalimia sana. Amesema mwanamke anayemtumia zawadi mtu asiyemjua ana roho pana.

Mwanao,
Nusaiba


Kikwajuni
9 Oktoba 2016

Nusaiba,

Picha imefika. Nimeitazama kwa miwani ya kusomea msahafu.

Bi Elfriede kapendeza. Nyuma yake kuna kioo chako, na kwenye kioo kuna dirisha, na dirishani anapita mzee na taulo begani. Taulo limetariziwa vizuri, kazi yako naijua. Nusaiba, zaidi ya hilo taulo hana kitu.

Mimi watu namna hiyo nawaona wakiwa maiti, na hao nawafunika. Niambie unafanya kazi wapi.

Mama yako


Troyeville
30 Oktoba 2016

Mama yangu,

Assalaamu alaykum, shikamoo.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Ni ya mwezi wa kwanza, niliiandika nikaifungia ndani ya mkoba wa mikasi. Isome hiyo, yote ni ya kweli. Sina la kuongeza ila kwamba nilikuficha, na niliona haya. Sikuwaonea haya wao, nilikuonea haya wewe. Nilidhani ukijua utaniondolea radhi yako, na huku ugenini, tangu mume wangu Ameir aniache, radhi yako ndiyo niliyobaki nayo.

Uniambie niache, nitaacha. Uniambie lolote, ila usininyamazie.

Mwanao,
Nusaiba


Troyeville
12 Machi 2017

Mama,

Assalaamu alaykum, shikamoo. Mwadini anasema barua ulipokea, uliisoma mbele yake, ukaiweka chini ya msahafu, ukamwambia hakuna majibu. Ukampa chai na mkate wa kumimina akala. Kwa hiyo hasira zako si juu yake, ni juu yangu peke yangu.

Bado nipo Sonvlei. Kila Ijumaa nasema nikifika nyumbani nitakuta barua. Héritière ananiambia, "Maman ni maman, atajibu." Yeye mamake alikufa Uvira na mara ya mwisho waligombana juu ya sufuria. Akiniambia hivyo najua anajiambia mwenyewe.

Nakuletea uzi wa hariri wa kofia, wa kijani, ule usiopatikana huko. Si rushwa. Au labda ni rushwa kidogo.

Mwanao,
Nusaiba


Kikwajuni
3 Desemba 2017

Kwako mwanangu Nusaiba,

Wa alaykumu ssalaam. Marahaba, na marahaba za zile barua zote nisizozijibu.

Nimekaa na barua yako mwaka na mwezi. Mara ya kwanza nilitaka kuichana. Mara ya pili nilitaka nije huko na fimbo. Mara ya tatu nilifika pale pa yule babu wa toroli na kofia yake, nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika kwa sababu nimecheka. Ndiyo maana nikaona ninyamaze. Hukumu inayotoka kwa mtu anayecheka na kukasirika pamoja haifai.

Sasa nisikilize. Uchi ni uchi. Usitegemee nitakuambia ni halali kwa sababu Wajerumani walikuwa na vifua vibovu. Mungu katupa nguo, na wewe ni fundi cherehani, ungekuwa wa kwanza kulijua hilo. Kunificha kumeniuma zaidi. Nilijisifu kwa mtaa mzima, na Bi Mwanakheri mwenye jicho moja aliona kuna jambo kabla yangu mimi mwenye mawili.

Lakini zile sheria zao nne zimenikalisha macho. Kila mtu na kitambaa chake. Usikodoe. Usichukue sura ya mtu. Ulichokiona ukiache hapohapo. Nusaiba, hizo mimi nilifundishwa mlangoni pa chumba cha maiti nikiwa na miaka ishirini na mbili. Aliyenifundisha alisema: mfunike kitovu hadi magoti, mkono wako uvae kitambaa, jicho liende pale tu mkono unapokwenda, na ukitoka nje umeona mwanga usoni, sema, umeona kovu, umekuwa bubu. Maiti wangu wa kwanza nilimtazama. Alikuwa mwanamke mzuri, nami nilikuwa mjinga. Mwalimu wangu alinipiga kibao mbele ya maiti. Sijatazama tena.

Kwa hiyo nina swali moja, unijibu kweli: wewe unatazama?

Radhi yangu nimeishika mkononi. Sijaitupa, usilie. Sijaifungua pia.

Huyo Bi Elfriede ana miaka themanini na ngapi sasa? Hana mtoto, hana mume. Nani anamwangalia?

Uzi wa kijani umefika. Ulikuwa rushwa, na nimeupokea.

Mama yako,
Kidawa


Troyeville
21 Oktoba 2018

Mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum, shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima. Mimi mwili mzima, moyo umechoka. Umeningoja muda mrefu, na sikuwa nimenuna. Sikuwa na jibu la swali lako mpaka sasa.

Bi Elfriede amefariki, tarehe mbili mwezi huu.

Alianza kuumwa kwenye baridi ya mwezi wa sita. Hospitali walimrudisha kwenye nyumba yake ndogo palepale Sonvlei, wakasema ni kumpumzisha tu. Nesi alikuwa anakuja asubuhi kumwogesha. Siku moja nesi hakutokea, na mzee wa watu kalala katika hali usiyoweza kumwacha nayo mtu. Wenziwe wamesimama mlangoni, wazee kama yeye, hawawezi kunyanyua. Mmoja akaniambia, "Nusaiba, tafadhali."

Miguu yangu ilitaka uvunguni kwa Bi Mwanakheri, nakwambia kweli. Nikachota maji. Nikachukua ile kanga yako nikamfunika kitovu hadi magoti, nikavaa kitambaa mkononi, nikaosha chini ya kanga kama nilivyokuona ukifanya kabla sijaitupa kata. Bi Elfriede akafumbua macho akaanza kucheka, kidogo, kwa kifua chake kile. Akasema, "Miaka sitini natembea uchi, na wewe unanifunika?" Nikamwambia, "Nguo hii ni yangu, Bibi, si yako. Bila yake mimi siwezi." Akafikiri, akasema, "Basi ivae." Tangu siku hiyo hakutaka nesi. Nimemwogesha miezi mitatu.

Alisema anataka aende kama alivyoishi, bila nguo. Aliiandika kwenye daftari, chini ya ile habari ya waliokuwa wakifua mataulo. Alipokufa, watu wa gari la mazishi wakaja na gauni la kaburini, la satini, lenye mikunjo ya uongo, mgongoni liko wazi limefungwa kwa kamba. Kazi mbaya sana, mama, mimi fundi niliona haya kwa niaba ya aliyelishona. Wanachama wakabishana. Wengine walisema wosia ufuatwe, wengine wakasema wale vijana wa gari hawatakubali kubeba mtu uchi. Wakanigeukia mimi, mwenye ushungi, niamue.

Nikasema ipo kanga. Haikushonwa, haina mkono wala kola, si nguo na si uchi. Wakatazamana, wakakubali.

Nikaomba watoke nje. Héritière alikuja kunishikia kata. Yeye analia, mimi nalia, maji yanakwenda. Sikumfanyia josho letu, sikusoma kitu, najua yeye si wa dini yetu. Nilimsafisha tu, nikamchana nywele, nikamfunga moja chini, moja juu, maneno yakaja kifuani. Sikukimbia, mama. Ilichukua saa nzima na sikukimbia.

Uliniuliza kama natazama. Jibu ni hili. Miaka mitatu nimeishi na watu wasiovaa, na ukiniuliza Bi Elfriede alikuwaje, nitakwambia uso wake ulikuwa na mwanga. Zaidi ya hapo nimekuwa bubu.

Kama nimekosea, niambie. Kama kuna kafara ya kufunga au kulisha maskini, nitafanya. Lakini nifungulie huo mkono.

Mwanao,
Nusaiba


Kikwajuni
13 Januari 2019

Kwako mwanangu, Nusaiba binti Nassir,

Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Marahaba, mwanangu, marahaba sana. Poleni kwa msiba wa Bi Elfriede. Mwambie na Héritière pole yake, na umwambie mtu anayeshika kata bila kuitupa ana nafasi kwangu siku akija Unguja.

Barua yako niliisoma mara moja tu, maana mara ya pili sikuona vizuri. Nikafunga mlango nikalia kwa sauti. Kwa kuwa sisikii vizuri, sikujua ni sauti kubwa kiasi gani, mpaka Bi Mwanakheri akaingia mbio na kanga kichwani akidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimezaa.

Nilimuuliza Maalim Jumbe kuhusu ulilolifanya. Alikohoa kwanza, kisha akauliza huyo mama alikuwa wa dini gani, kisha akakohoa tena. Nikamwambia, Maalim, mtu alikuwa mchafu akasafishwa, alikuwa hana mtu akapata mtu, unakohoa nini? Akasema hapo hana neno. Basi hakuna cha kufunga wala cha kulisha. Ile kanga ilinichosha goti siku nzima pale Darajani, na sasa naona goti lilikuwa linajua inakokwenda.

Radhi yangu nimeifungulia mkono, na mkono mtupu sasa unauma kwa kuufumba miaka miwili. Ukae huko au urudi, iko nawe. Hao wazee wako waliobaki wasalimie, na uwaambie wafunike vifua kukiwa na baridi.

Jambo moja nimelifanya bila kukuuliza. Nimemwambia Maalim alifute jina la Bi Mwanakheri kwenye wasia na mahali pake aandike lako. Bi Mwanakheri alinuna siku mbili, ya tatu akaja kuniuliza kama utakuwa na nafasi ya kumwosha na yeye.

Usije mbio, sijafa. Lakini njoo kabla, kuna mambo ya mkono ambayo barua haiwezi kuyafundisha. Na ukija niletee taulo, lenye jina langu, kwa uzi wa kijani. Nitalikalia barazani, nimevaa nguo zangu zote.

Na siku yenyewe, Nusaiba, maji yawe ya uvuguvugu. Mimi baridi siipendi.

Mama yako mzazi,
Kidawa